Anayemgonga Naeku Mkononi

Sikuhadithiwa haya na mtu baki. Naeku ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, na sehemu kubwa ya mambo haya niliyaona kwa macho yangu nikiwa nimeshiba na nimelala vizuri. Nasema mapema kwa sababu hapa Kitengela wajuaji hawakosekani. Atakayesema kwamba Resian wa bucha amechanganyikiwa kwa harufu ya damu, aje aniambie mwenyewe nikiwa kaunta, kisu mkononi.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, mwezi wa pili mwaka jana. Jua kali, vumbi, malori yamepanga foleni barabarani. Saa nane mchana wateja walikuwa wamepungua, nikafunga bucha, nikaweka nusu kilo ya maini kwenye karatasi na kupanda boda kwenda kumwona Naeku. Anaishi kule lami inakoishia, nyumba ya mwisho kabla ya machimbo ya mawe ambayo sote tunayaita kwari. Yeye ni fundi wa cherehani, anashona sare za shule. Mumewe, Nick, anaendesha lori la saruji njia ya Namanga na hulala nyumbani siku mbili kwa wiki. Mtoto wao, Parmuat, alikuwa na miezi mitano.

Naeku hasikii. Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, na alipopona masikio yalikuwa yamekwenda na ile homa. Nyumbani tulijifunza kuongea naye kwa mikono, wengine vizuri, wengine hovyo. Kumwita hakuna haja ya sauti. Unamfikia, unamgusa, anageuka.

Ndiyo maana ile saa ilikuwa muhimu sana kwake. Nick alimnunulia wiki aliyojifungua, zile saa za kuunganishwa na simu ambazo zinatetemeka mkononi. Akakaa nazo usiku mzima akizipanga, saa na simu, kila jambo na mtetemo wake. Mtu akibonyeza kengele ya mlango, saa inagonga mara mbili. Nikimwandikia mimi, mara tatu. Nick akiandika, mtetemo mmoja mrefu. Mtoto akilia, simu iliyo kando ya kitanda inasikia kwa niaba ya mama, na saa inatetemeka bila kupumzika mpaka aende. Nick alimwekea pia majibu matatu mafupi ili asilazimike kuacha cherehani na kuchapa maneno. Anabonyeza moja, linakwenda. Sawa. Subiri. Nakuja.

Nilimkuta anacheka peke yake, sare za kijani zimemfunika magoti.

“Leo nimepata mgeni,” akaniambia kwa mikono. “Anagonga vingine.”

“Vingine aje?”

Akanishika mkono, akanionyesha kwa kidole chake kwenye kifundo cha mkono wangu. Mara moja. Mara mbili. Tatu. Nne. Halafu akangoja, na alipoona nimeanza kuchoka, akagonga ya tano.

“Nilidhani ni mzazi anauliza sare,” akaendelea. “Nikaangalia, ujumbe hauna jina, hauna namba, hauna neno hata moja. Tupu. Nikaona si vizuri kunyamazia mtu. Nikamjibu.”

“Ukamjibu nini?”

“Nakuja.”

Maini yaliniponyoka, yakaanguka sakafuni.

Ngoja nieleze, kwa sababu kuna watu wamelelewa mjini. Kwetu, mtoto akishaanza kutembea na kuokota maneno, anafundishwa jambo moja kabla hata ya kufundishwa kusalimia wazee. Ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitikie. Nyamaza, nenda utazame kwanza ni nani. Ukiitika umetoa neno, na uliyempa hujui ni wa wapi. Mimi nilifundishwa na mama yetu, Yeyo, kwa kofi la mdomo nikiwa na miaka mitano, siku nilipoitikia sauti iliyotoka bondeni. Ndugu zetu wote walifundishwa. Naeku peke yake hakufundishwa. Nani angehangaika kumfundisha mtoto asiyesikia namna ya kutoitikia?

Nilimweleza pale pale kwa mikono. Akaweka sare chini.

“Mbona hamkuniambia?”

Nikaokota maini.

Sasa kuhusu kwari. Wenye kuchimba walichimba mpaka wakakuta maji, wakafungasha mashine zao na kuondoka, shimo likajaa. Miaka mitatu kabla ya haya, mkata mawe mmoja, Wanyonyi, aliacha sahani ya ugali katikati ya chakula cha mchana, akamwambia mtu ambaye wenzake hawakumwona, “Nakuja,” na akaenda zake. Mwaka uliofuata ikawa Kavutha, mama aliyekuwa akiwapikia vibarua. Yeye pia alisema, “Nakuja,” akafuta mikono kwenye leso. Wote wawili walipatikana ndani ya maji yale wamesimama wima, miguu imeshikwa na tope, na maji yamepita kichwa kwa kiasi cha kiganja tu.

Kwa hiyo nilijua tunashindana na nini. Hiyo haikuwa bahati mbaya ya simu. Dada yangu alikuwa ameitwa na mahali palipokwisha kuchukua watu wawili, na alikuwa amekubali.

Jumatano saa tisa mchana ile mipigo mitano ilirudi. Naeku alijikuta kwenye kamba ya nguo, mkasi mkononi, bila kukumbuka ameinuka saa ngapi. Alhamisi alijikuta nje ya geti. Aliniandikia siku zote mbili na kunitania kwamba nimemroga mimi ili nirithi cherehani. Nilijua kabisa anaogopa. Naeku akiogopa hutania.

Ijumaa hakuandika. Aliyenipigia simu ni Evalyne, jirani yake anayefuga kuku.

“Mama, kuja haraka,” alisema kwa sauti ya chini, utadhani kuna mtu anamsikiliza. “Nimemtoa Naeku kule kwa fensi ya mwisho. Hana viatu. Mtoto alikuwa kwa nyumba analia mpaka nikaskia mimi.”

Nilipofika, Naeku alikuwa amemkumbatia Parmuat na hataki kumwachilia. Nilimuuliza kama saa haikumwambia kwamba mtoto analia. Alitikisa kichwa. Alipokuwa njiani saa ilikuwa ikigonga jambo moja tu. Tano, polepole. Kilio cha mwanawe hakikupita.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nasema bila aibu. Niliogopa mimi ninayebeba mguu wa ng'ombe begani.

Jumamosi Yeyo alikuja kutoka Kajiado na basi la asubuhi, shuka yake nyekundu, fimbo yake, chupa ya maziwa. Alisimama mlangoni akanisalimu.

“Takwenya, Resian.”

“Iko, Yeyo.”

Naeku hakumsalimu. Alikaa kwenye cherehani akitazama ukuta. Yeyo akasonga karibu, akaanza kutumia ile lugha ya mikono aliyoijua nusunusu, akikosea na kurudia.

“Makosa ni yangu. Sikukufunza.”

Naeku akageuka. Sijawahi kuona mikono yake ikienda kwa hasira namna ile.

“Mlidhani hakuna mtu atawahi kuniita.”

Nilimtafsiria Yeyo, maana hakuifuata yote. Yeyo aliketi kwenye kitanda akalia kwa kufunika uso, na nilimhurumia, lakini Naeku alikuwa na haki. Ndivyo tulivyodhani. Tulikuwa tumeamua tangu zamani kwamba dunia haina la kumwambia.

Siku hiyo kila mtu alikuwa na ushauri, na wote ulikuwa mmoja. Evalyne alisema ile saa itupwe kwari. Akina mama wa maombi waliimba, wakaomba, wakasema itupwe kwari. Nick akapiga simu ya video akiwa kando ya barabara, uso umemkauka, akiongea kwa mikono.

“Toa hiyo kitu kwa mkono, Naeku. Tafadhali. Nitakununulia ingine.”

Alitoa. Si kwa kuamini, ni kwa kutuhurumia. Tukaifungia kwenye mkebe wa biskuti, juu ya kabati. Jumapili ilipita na watu wamejaa nyumbani, saa tisa ikaja ikaenda, tukashukuru Mungu kwa haraka kidogo.

Jumatatu watu walirudi makazini mwao na Yeyo akalala, amechoka. Naeku alikuwa akishona. Mtoto aliteleza kutoka kitandani akanasa kati ya godoro na ukuta, akalia. Yeyo usingizi mzito, Naeku hasikii. Alipoenda kumtazama kwa mazoea tu, alimkuta Parmuat amelia mpaka sauti imekauka, mdomo unafunguka na hautoi kitu, midomo imeanza kubadilika rangi.

Nilifika saa tisa kasoro. Mtoto alikuwa salama, ananyonya. Naeku aliponiona aliinua mkono wa kushoto, mtupu, akauweka mbele yangu mezani.

“Tazama,” akasema kwa mkono mwingine.

Nikatazama.

Ngozi ya kifundo ikabonyea.

Ikarudi.

Ikabonyea tena, shimo dogo la ncha ya kidole, kama unga wa chapati ukiubonyeza kujua umelainika. Mara tatu. Mara nne. Hakukuwa na saa. Hakukuwa na chochote juu ya ule mkono isipokuwa mwanga wa dirishani. Nilimrukia, nikaukamata kwa viganja vyote viwili, nikaufunika kabisa.

Ya tano ilipita katikati ya vidole vyangu. Ilikuwa baridi.

Yeyo alikuwa ameamka, amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Naeku alijinasua taratibu. Akampa mtoto bibi yake, akapanda kwenye kiti, akashusha mkebe, akaivaa saa. Nilimzuia. Akanisukuma.

“Niache. Nimekuwa kiziwi mara moja, na hiyo ilikuwa homa. Sitakuwa kiziwi mara ya pili juu ya mtu hata simjui.”

“Naeku, itakuua.”

“Umeona imetoka na bado ananigonga. Saa haina makosa. Kosa ni neno langu. Nililitoa mimi, nitaenda kulirudisha mimi.”

“Wapi?”

Alinitazama vile wateja hunitazama nikiuliza kama wanataka mfupa.

Jumanne, saa nane na nusu, tulitoka. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Yeyo, Parmuat mgongoni, alitufuata mpaka getini, akang'oa majani mabichi kando ya mtaro, akamwekea Naeku kiganjani. Kwetu majani mkononi ni kuomba amani. Unamwendea uliyemkosea, unayashika, anayaona, hasira inapoa.

Naeku aliyatazama. Akayarudisha kwa mama yake, kwa heshima, kwa mikono miwili.

“Sijamkosea mtu.”

Nikatafsiri. Yeyo akayapokea.

Tulitembea. Baada ya fensi ya mwisho hakuna nyumba, ni mawe meupe na miiba. Nilimfunga Naeku kiunoni kwa kamba ninayofungia mbuzi, ncha nyingine nikaizungusha mkononi mwangu mara tatu. Acheni kucheka. Ningefunga na mti kama kungekuwa na mti. Saa ilianza kumgonga kabla hatujafika nusu ya njia, na kila tulipokaribia ilizidi. Niliisikia kwa masikio, ikiguruma kwenye mfupa wake.

Tukafika ukingoni.

Maji yalikuwa ya kijani, yametulia. Kuta za mawe pande zote, zimekatwa wima. Kule kwari kila kitu kina mwangwi. Ukikohoa, shimo linakohoa. Nilipokanyaga kokoto, kokoto nyingine zilijibu ng'ambo.

Tano. Polepole. Mkono wa Naeku ukanyooka wenyewe kuelekea maji. Mguu mmoja ukasogea. Kamba ikakaza. Nilikita visigino na kuvuta, na ninakwambia nimevuta fahali wasiotaka kuchinjwa, lakini sijawahi kuvuta uzito ule.

Aligeuza shingo akanitazama. Alikuwa analia. Alikuwa amekasirika pia, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa.

Kwa mkono wa kulia akaifungua saa. Akaiweka juu ya jiwe bapa, kamba yake imelala wazi pande mbili, hatua moja kutoka majini. Akasema na yale maji kwa mikono, kwa ishara kubwa, za wazi, ili aliye chini aone.

“Unataka kuniita? Jitokeze. Nione uso.”

Hakuna.

“Nilisema nakuja. Sikujua ni wewe.”

Hakuna. Ule mkono mtupu ukabonyea. Ukabonyea.

Ndipo akafungua mdomo. Lazima ujue kwamba dada yangu hakuwa ametumia sauti yake mbele ya watu tangu darasa la pili, tangu watoto wenzake walipomwiga uwanjani mpaka mwalimu naye akacheka. Sauti yake ni nzito, inapanda pasipotakiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau.

“Sikuji!”

Ilitoka nusu kama kilio. Akavuta pumzi.

“Sikuji! Si-ku-ji! Niko na mtoto! Niko na kazi! Sikuji leo, sikuji kesho! Nenda!”

Nikangoja mwangwi.

Haukurudi.

Mlio wa kokoto ulikuwa umerudi. Sauti ya pumzi yangu ilikuwa imerudi. Maneno ya Naeku yaliingia shimoni na hayakutoka. Yaliingia na kukaa huko, yamepokelewa.

Kamba ikalegea ghafla. Nikaanguka kwa matako, naye akaniangukia. Tulibaki pale kwenye vumbi tumeshikana, mimi nacheka kwa woga, yeye ananipapasa uso kuona kama nimeumia. Kwa muda huo hatukulitazama lile jiwe. Dakika mbili hivi. Labda tatu.

Naeku alipoinuka kuchukua saa yake, alisimama. Akaniita kwa mkono.

Ile kamba ya saa aliyoiacha wazi ilikuwa imefungwa. Imepita kwenye bizimu, sindano ya bizimu imeingia kwenye kitundu cha mwisho kabisa, kile ambacho mtu mzima hawezi kukifikia hata akiwa mfupa mtupu. Pete ndogo. Niliingiza vidole vitatu, ikawa imejaa. Ingemtosha mtoto wa miaka mitano, sita. Mwamba ulikuwa mkavu pande zote, na ndani ya pete ile kulikuwa na maji.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Tangu siku hiyo nimeuliza wakata mawe, machifu, makanisa, wazee wa Kimuka na Matasia. Wote wanawakumbuka Wanyonyi na Kavutha. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba mtoto alipotelea kwari ile. Hakuna mama aliyewahi kumtafuta.

“Iache,” nilimwambia Naeku. “Iache hapo hapo.”

Alinikatalia kwa kichwa. Akaifungua, akaikung'uta maji, akaipangusa kwa sketi. Akaivaa kwenye kitundu chake yeye. Kisha akayapa maji mgongo na kutembea kwenda nyumbani, hakugeuka hata mara moja, na mimi nyuma yake na kamba ya mbuzi.

Mipigo mitano haijarudi. Saa inagonga mlango, inagonga mimi, inagonga Nick. Parmuat sasa anatembea na kuvunja vitu. Naeku anatumia sauti yake siku hizi, hata dukani, na anayemcheka anacheka mara moja tu. Naye amemfundisha mtoto wake tayari, kwa mikono na kwa mdomo, kwamba asimjibu asiyemwona.

Lakini usiku saa hulala mezani, kando ya cherehani, ikiingia chaji, kamba yake wazi. Na kila asubuhi anaikuta imefungwa kwenye kitundu kile cha mwisho. Nick alileta kamba mpya kutoka Namanga. Nayo ikawa hivyo hivyo. Alitaka kuichoma, Naeku akasimama mbele ya jiko.

Usiku wa kuamkia leo nililala kwake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilimkuta ameishika, pete ndogo, matone yakimwangukia miguuni. Niliuliza kama haogopi.

“Naogopa,” akasema kwa mdomo wake. “Lakini saa ni yangu.”

Akaifungua. Akaipangusa. Akaivaa. Chumbani Parmuat akaanza kulia, saa ikatetemeka, na dada yangu akaenda kwa mtoto wake.